Kidole kinasema 11.8, kihisi kinasema 9.4: niamini kipi?

Safu ya maswali ya kisukari, anajibu muuguzi wenu

Barua za safari hii karibu zote ni za kihisi cha sukari, kile kidude kinachobandikwa mkononi au tumboni na kutuma namba kwenye simu. Namba zote za sukari hapa chini ni milimoli kwa lita. Mwenye mashine ya miligramu azidishe kwa 18.

SWALI: Dada muuguzi, habari za kazi. Binti yangu ana miaka tisa, ana kisukari aina ya kwanza. Kihisi chake hakilingani na glukomita, ile mashine ya kupima damu ya kidole, hata siku moja. Juzi baada ya chakula cha mchana kidole kilitoa 11.8, kihisi 9.4. Nikaingiza 11.8 kwenye programu ili kijirekebishe. Baadaye, sukari iliposhuka, kihisi kikasema 8.8 na kidole 7.1. Nikakirekebisha tena. Sasa nafanya kalibresheni kila nikipima, na kinazidi kuvurugika. Ni kibovu? (Mama wa binti wa miaka tisa)

Mama, pole kwa kukosa usingizi. Kihisi ni kizima. Kinachokivuruga ni hizo kalibresheni.

Nimeikuza picha ya grafu uliyonitumia. Pale ulipoingiza 11.8 palikuwa na mishale miwili imesimama wima, inaelekea juu, yaani sukari ilikuwa inapanda haraka. Shida yote ilianzia hapo.

Glukomita hupima damu. Kihisi hakipimi damu: ule uzi mwembamba ulio chini ya ngozi umekaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hupita kwanza kwenye damu ndipo ifike huko. Juu ya uzi kuna kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi. Kikikutana na sukari, hutokea mkondo mdogo sana wa umeme, na programu inaugeuza mkondo huo kuwa namba. Ukijumlisha safari ya sukari na hesabu za kifaa, unapata uchelewaji wa dakika tano hadi kumi na tano hivi. Sukari ikitulia, uchelewaji huo hauonekani kabisa. Ikipanda kwa 0.1 kila dakika, dakika kumi tu zinaleta tofauti ya 1.0 na hakuna kifaa kilichokosea. Ya binti yako, kwa mishale miwili, ilikuwa inapanda kwa kasi kama mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo 11.8 ilikuwa habari ya sasa hivi, na 9.4 habari ya dakika kadhaa nyuma. Zote mbili zilikuwa kweli.

Wewe ulipoingiza 11.8 ulikiambia kihisi kiongeze robo nzima juu ya kila namba yake. Kikatii. Sukari ilipotulia kwenye 7.1, kikaendelea kuongeza karibu robo ile ile, ndiyo hiyo 8.8 yako. Sasa fikiria usingepima kidole pale. Ungeona 8.8, ungemchoma insulini ya kushusha sukari ambayo haikuwepo, halafu mtoto akalale. Kalibresheni ya wakati mbaya naiogopa kuliko kihisi kisichorekebishwa kabisa.

Basi fanya hivi. Kabla ya kugusa kitufe cha kalibresheni, tazama mshale: uwe umelala, na grafu iwe imenyooka kwa robo saa hivi. Wakati mzuri ni kabla ya kula, saa kadhaa zikiwa zimepita tangu chakula na insulini ya haraka, mtoto akiwa hakimbii huku na huku. Mara nyingi hapo ni asubuhi. Ukikuta tofauti hapo, ipige hesabu kwanza. Kanuni inayotumika sana ni hii: sukari ya kidole ikiwa 3.9 au zaidi, kihisi kikiwa ndani ya asilimia 20 kiache. Ikiwa chini ya 3.9, kiache kikiwa ndani ya 1.1. Kidole kikisema 8.0 na kihisi 6.6, tofauti ni 1.4, na asilimia 20 ya 8.0 ni 1.6. Hiyo haihitaji chochote. Ikivuka kiwango, rudia kipimo cha kidole, na kikikubaliana na cha kwanza, rekebisha mara moja, halafu funga programu. Usimwekee mwanao kalibresheni nyingine saa hiyo hiyo kwa kuwa namba bado hazijakaa. Kihisi hakirukii namba yako mara moja, kinasogea.

Siku ya kwanza ya kihisi kipya, vumilia. Sindano imeacha kidonda kidogo, mwili unakishughulikia, na seli zinazokuja kutibu nazo zinakula sukari ya pale pale. Ndiyo maana vihisi vingi hupotoka zaidi katika saa 24 za mwanzo, hata baada ya muda wa kifaa kujiandaa kuisha. Siku hiyo maamuzi ya insulini yafanyeni kwa kidole.

Na mikono ioshwe! Hili nalisema kila siku mpaka wagonjwa wananitania. Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliwapima watu wasio na kisukari baada ya kumenya matunda. Waliokuwa hawajaosha mikono walionyesha sukari ya juu isivyo kawaida, hata kidole kilipofutwa kwa spiriti mara tano. Waliponawa kwa maji, namba zikarudi mahali pake. Ukiingiza sukari ya ganda la tunda kama kalibresheni, umekifundisha kihisi uongo wa siku nzima.

Jambo jingine, kwa kuwa naona umeifanya glukomita kuwa hakimu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kinaitaka ifike ndani ya asilimia 15 ya namba ya maabara katika vipimo 95 kati ya 100, sukari ikiwa 5.55 na kuendelea. Sukari ya kweli ikiwa 10.0, mashine moja ikisema 8.7 na nyingine 11.3, zote zimefaulu. Kwa hiyo usitafute namba zinazofanana. Hutazipata.

SWALI: Dada, mimi ni dereva, nalala ubavu. Karibu kila usiku, kuanzia saa nane hivi, simu inapiga kengele: sukari 3.0. Naamka, napima kidole: 6.2. Nimeshakula sukari usiku bure mara nyingi, asubuhi naamka na 13. Nirekebishe kihisi usiku huo huo? (Dereva)

Hapana kaka, usikiguse. Unakilalia. Uzito wa mwili unabana ngozi ya pale, majimaji na damu vinasukumwa pembeni, na kihisi kinasoma kile kilichobaki. Kwenye grafu utaiona: mstari umenyooka, ghafla unaanguka kama jiwe, unakaa chini, kisha ukijigeuza unarudi juu baada ya dakika kumi au ishirini. Sukari inayoshuka kweli mara nyingi huteremka kwa mteremko. Ukifanya kalibresheni ukiwa umekilalia, utakuwa umekiambia kiongeze 3 kwa kila kitu, na siku utakayoshuka kweli kitanyamaza.

Kihamishie upande usioulalia, au sehemu nyingine ambayo kijitabu cha kifaa chako kinairuhusu. Kengele ikilia, geuka, kisha pima kidole. Lakini ukitetemeka, ukitoka jasho au ukiona kichwa hakiko sawa, kula sukari kwanza, mjadala baadaye. Na kwa kuwa unaendesha gari: usiwashe injini kwa namba ya kihisi unayoitilia shaka.

SWALI: Kihisi changu hakina sehemu ya kalibresheni. Cha jirani kinayo. Je, changu ni cha daraja la chini? Na hiyo asilimia 8 au 9 ya kukosea wanayoitangaza watengenezaji ina maana gani? (Msomaji)

Si cha daraja la chini. FreeStyle Libre, aina mojawapo ya kihisi, ilipoingia sokoni Ulaya mwaka 2014 ilikuja ikiwa imeshafanyiwa kalibresheni kiwandani, na mvaaji hana pa kuingiza namba. Dexcom G5 ya miaka hiyo ilitaka kidole mara mbili kwa siku. G6, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ikaondoa sharti hilo ila ikabakiza kitufe kwa anayetaka. Barua ya mama hapo juu inaonyesha kitufe hicho kina faida na hasara. Kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kubonyeza, kukosa kitufe ni baraka, mimi ndivyo ninavyoona. Hasara yake ni kwamba kihisi kikitoka na kasoro huna la kukifanya: unakibandua na kuomba kingine kwa waliokitengeneza. Andika tofauti ulizoziona, saa na mshale, watakuuliza.

Hiyo asilimia ni wastani wa umbali kati ya kihisi na kipimo cha maabara, bila kujali kimekosea juu au chini. Libre 2 kwa watu wazima ilitoa asilimia 9.2, Dexcom G7 ikivaliwa mkononi asilimia 8.2. Kwa vile ni wastani, namba nyingi zilikuwa karibu kuliko hapo na chache zilikuwa mbali sana. Na sehemu kihisi kinapopotoka zaidi kwa asilimia ni huko chini, sukari ikiwa ndogo, mahali ambapo ndipo unapokihitaji hasa. Ndiyo maana tofauti ya 8.2 na 9.2 hainifanyi nimwambie mtu abadilishe kifaa.

SWALI: Nameza paracetamol za mgongo na vitamini C kila siku. Mtu aliniambia zinadanganya kihisi. Ni kweli? (Mwenye mgongo)

Inategemea umevaa kipi. Paracetamol ilikuwa ikipandisha namba za Dexcom za zamani, G4 na G5. G6 na G7 zinaivumilia mpaka gramu moja kila saa sita. Guardian 4 ya Medtronic bado inaonya juu yake. Vitamini C ikizidi miligramu 500 kwa siku inaweza kuipandisha Libre 2 kwa uongo, ukadhani uko salama kumbe unashuka, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye chupa.

Inayonisumbua zaidi hukuitaja: haidroksiurea, dawa wanayotumia wengi wenye selimundu. Inapandisha namba za Dexcom na za Medtronic, na hakuna kalibresheni itakayoirekebisha, kwa sababu kosa linapanda na kushuka na dozi. Anayeitumia amwambie daktari kabla hajaandikiwa kihisi chochote, na dozi za insulini aziamue kwa kidole.