Re: Inveta ya wati 2000 na betri ya pili kwenye Land Cruiser ya kambi

Kaka, salamu kutoka Moshi. Umeuliza kama inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 2000 inatosha kwa friji na kamera za wageni, na kama betri ya pili uiunge moja kwa moja na alteneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri.

Friji yako ni ya volti 12, basi usiipitishe kwenye inveta kabisa. Utapoteza umeme bure. Kompresa ikivuta ampea 4 na kufanya kazi nusu ya siku, hiyo ni karibu Ah 48 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo siku moja tu imekwisha. Lithiamu ya Ah 100 itakufikisha karibu siku mbili.

Kwa kamera na laptopu, inveta ya wati 300 ya pyua saini (inayotoa umeme laini kama wa ukutani) inatosha. Hiyo ya 2000 ikibebeshwa mzigo wote inavuta zaidi ya ampea 160! Mimi niliwahi kufungiwa waya mwembamba. Tukiwa Tarangire nikasikia harufu, nikafungua boneti, nikakuta plastiki imeyeyuka na kugandia kwenye kichwa cha betri. Hapakuwa na fyuzi. Nakusihi, weka fyuzi karibu kabisa na betri.

Alteneta: lithiamu usiiunge moja kwa moja, inavuta mno mpaka alteneta inachemka. Weka chaja ya DC-DC (inayokaa kati ya alteneta na betri na kudhibiti umeme unaoingia) ya ampea 20 au 30. Ukilala Arusha mjini, chaji kwa umeme wa TANESCO, ila chaja iwe na mpangilio wa lithiamu.

Betri uliyo nayo sasa ni ya aina gani?