Usikariri kamusi kuanzia A: panga maneno ya Scrabble kwa herufi na urefu

Mkuu, umesema una miezi minne unakariri maneno ya Kiingereza kuanzia A ili ushinde Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, umefika D, na jirani yako bado anakufunga kila Jumapili. Njia hiyo nimeipita, najua inavyochosha. Kichwa chako hakina kosa. Ila kwenye mfuko unachota vigae saba vilivyochanganyika, na havikuulizi umefika herufi gani.

Mimi nilizinduka siku niliyofungwa kwa pointi 14 huku nimeshika Q. Nilikaa nayo karibu nusu ya mchezo nikisubiri U, maana shuleni tuliambiwa Q haitembei bila U. Mzee niliyecheza naye akamaliza vigae vyake. Q iliyonibakia mkononi ikanikata 10, yeye akaongezewa 10. Kisha akaweka kidole ubaoni, pembeni ya I iliyokuwa wazi tangu mapema, akasema, "Hapa ungeweka QI, mwanangu." Sikuwa nimewahi kuliona neno hilo maishani.

Usiku ule nikatafuta daftari dogo la mfukoni. Kila herufi ngumu nikaipa ukurasa wake, na ndani ya ukurasa maneno yakapangwa kwa urefu: ya herufi mbili juu, tatu chini yake, na kuendelea.

Anza na ya herufi mbili, yote, kabla ya kitu kingine chochote. Katika orodha ya Collins, yaani kamusi ya maneno yanayokubalika kwenye Scrabble ya kimataifa, yako 127, na wiki mbili zinatosha kabisa. X ina AX, EX, OX, XI na XU. J ina JA na JO tu. Z ina ZA, ZE na ZO. V haina hata moja, kwa hiyo ukiona V ubaoni usipoteze muda kutafuta. Maneno haya ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno refu sambamba na jingine. Q ikikaa kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara tatu, ukasoma QI kwa mlalo na QI kwa wima, ni pointi 62 kwa vigae viwili.

Sasa ukurasa wa Q, ambao ndio ulionifurahisha kuliko yote. Nilipoanza kujaza maneno yasiyo na U baada ya Q, nikajikuta nacheka peke yangu. SUQ ni soko. QADI ni kadhi. WAQF ni wakfu. TALAQ ni talaka. QIBLA ni kibla, FAQIR ni fakiri, NIQAB ni nikabu. QAT ni mirungi. Mimi mtoto wa Tanga niliyekaa chuoni kwa maalimu miaka sita, Mwingereza ananiletea maneno ninayoyajua tangu utoto, ameyaandika kwa Q tu! Wenzangu waliyakariri kwa jasho, mimi niliyapanga kwa urefu na kulala.

Kuna na ya kwetu kabisa: UHURU, UGALI, KANZU, DUKA, SHAMBA, ASKARI, MZEE. Ila wingi wake ni wa Kiingereza, utaandika KANZUS na MZEES, masikio yaume yatakavyo. Na usijidanganye kwamba kila neno la Kiswahili limo. Hakiki kwanza, mimi nimeshalipia ubishi huo.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye maneno ya herufi saba, kwa sababu ukishusha vigae vyote saba kwa mpigo unapata 50 za ziada. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, maana orodha ni ndefu mno. Usichukue orodha. Chukua shina la herufi sita, A E I N S T, kisha jiulize kila herufi ya saba inazaa nini. Ukiongeza D unapata INSTEAD, DETAINS, STAINED na SAINTED. Ukiongeza R unapata NASTIER, RETAINS, RETINAS. Ukiongeza M, INMATES. L inakupa ENTAILS. Kwenye daftari usiandike neno peke yake, liandikie kando herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti: ADEINST. Ukiwa mezani panga vigae kwenye kibao chako hivyo hivyo, na jicho litaitambua sura ile kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Maana za maneno ziache kwanza. Nigel Richards wa New Zealand alikariri orodha ya Kifaransa akachukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015, na Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, kule Perth. Wanaijeria wana sifa ya kuthamini sana maneno ya herufi tano, hata pale ambapo wangeweza kushusha marefu. Kwa hiyo ukishaiva kwenye mashina, rudi kwenye tano.

Jambo moja la kukuokoa na ugomvi: kubalianeni kamusi kabla ya kuchota kigae cha kwanza. Orodha ya Marekani na Canada ni fupi kuliko ya Collins. Ya herufi mbili huko ni 107. Ukikariri moja na jirani akashika nyingine, mtavunjiana ubao.

Yule mzee wa QI tulikutana tena. Nilikuwa na A E I N S T na H. Nikashusha SHEITAN, pointi 60 hata kabla ya miraba ya rangi. Akalitazama, akapinga. Tukafungua kamusi, limo, akapoteza zamu. Akavua miwani, akasema, "Astaghfirullah, yaani hata huyu wamemwandikisha?"