Simu mnaionea bure

Wiki hii mmeuliza: "Unafanyaje ili umalize kazi moja bila simu kukuvuruga?" Swali limenigusa pabaya. Mimi ni fundi cherehani hapa Kirumba, Mwanza, na naona simu mnaionea bure. Simu naiweka kimya, inanyamaza. Mteja je? Anakaa kwenye benchi, anaanza na habari za asubuhi, anaingia kwenye umeme, anamalizia na daraja la Kigongo–Busisi, na mimi nimeshika kola ya shati la sare. Nikinyamaza, naambiwa naringa.

Mmemtaja mtafiti Sophie Leroy, aliyeandika mwaka 2009 kwamba ukiihama kazi kabla hujaimaliza, sehemu ya mawazo hubaki kule ulikotoka. Njooni muone kola iliyoshonwa huku mtu anauliza bei.

Aliyeliweza jambo hili nimemwona mmoja, karani wa magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Nilikuwa nimemsindikiza mama mkubwa, mzigo wake unapakiwa kwenye Fuso kwenda Kongo. Wapagazi wanapanda ubao, gunia kichwani, kila mmoja anapewa kijiti akipita na kukidondosha kwenye ndoo juu ya gari. Karani huku anachora daftarini, mistari minne, wa tano unaikata. Mama mkubwa akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Kimya. Akarudia. Wapi! Kwa Wasukuma hilo si dogo, tena mkubwa ndiye aliyeanza. Mama mkubwa akaanza kunung'unika kuhusu vijana wasiofunzwa. Muuza kahawa akapita anagonga vikombe, dalali akamwita karani kwa jina, macho ya karani hayakutoka kwenye ubao. Gunia la mwisho lilipoingia, alimwaga vijiti, akavipanga kumi kumi, akalinganisha na daftari. Ndipo akavua kofia na kuja alipokaa mama mkubwa. "Shikamoo mama. Ulinikuta kwenye hesabu." Akauliza nyumbani, mvua, ng'ombe, mpaka sisi ndio tukaomba kuondoka.

Nilitaka kuwaambia tufanye kama yeye. Ila nikifikiri vizuri, mama mkubwa alivumilia kwa sababu magunia yalikuwa yake. Mteja wangu nikimnyamazia hivyo, anavuka barabara kwa fundi mwingine, na kitambaa anakwenda nacho.

Kwa hiyo, pamoja na kuitetea kote huko, simu izimeni tu. Ndiyo pekee isiyonuna. Watu nimewapangia: kola na zipu nashona alfajiri kabla sijafungua mlango, pindo na vifungo nashona wakiwepo, tunapiga soga. Sijui kama wenye bosi ofisini wanaweza kupanga hivyo, labda wasiweze. Na mwenye mgonjwa, au mwenye mtu aliyeingia ziwani usiku kuvua, huyo hayumo kwenye ushauri huu. Aiache simu yake wazi.