Je, Asiyejibu Hana Fahamu?

SWALI: Mdogo wangu alianguka na bodaboda na kuumia kichwa. Miezi imepita, hulala na kuamka, anapumua mwenyewe, lakini hajibu wala hashiki mkono. Baba mdogo anasema ubongo umeshakufa, tusijisumbue. Mama naye, kila aingiapo wodini, humwamkia "Kamwene" na kumsimulia habari za shamba la viazi. Je, fahamu zake bado zipo? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji, na utufikishie pole kwa mama. Kwa heshima zote kwa baba yako mdogo, aliyekufa ubongo hapumui bila mashine wala hafumbui macho asubuhi, hivyo hali uliyoieleza si hiyo. Kulala na kuamka hutawaliwa na shina la ubongo, ilhali kutambua mambo hutegemea zaidi tabaka la nje la ubongo mkubwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa macho pasipo kujitambua. Wala fahamu hazitokani na wingi wa seli tu: ubongo mdogo ulioko kisogoni una takriban seli za neva bilioni 69 kati ya bilioni 86, lakini ukiumia mtu hupepesuka, fahamu zikabaki.

Mwaka 2006 mwanasayansi wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimpima kwa MRI, mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, mwanamke wa miaka 23, aliyeumia ajalini nchini Uingereza na kuonekana hatambui chochote. Alipoambiwa awaze kwamba anacheza tenisi, sehemu inayoandaa mienendo ya mwili ilifanya kazi. Alipoambiwa awaze kwamba anatembea vyumbani mwa nyumba yake, zikaamka sehemu nyingine, sawa na kwa watu wenye afya. Hakuinua hata kidole, lakini alisikia, akaelewa na akatii! Katika utafiti wa mwaka 2010, wagonjwa 5 kati ya 54 waliweza kufanya hivyo. Ni wachache, nami sitaki kuwapa tumaini la uongo, ila wanatosha kutukataza kusema kwamba mama anaongea na ukuta.

Mwombeni daktari ampime tena na tena, kwa saa tofauti, kwa kuwa utambuzi wa wagonjwa hawa huja na kupotea. Nanyi mshikieni kioo mbele ya uso, mkisogeze taratibu kushoto na kulia. Macho yakikifuata, mwambieni daktari siku hiyohiyo.