Lager ya Kimeksiko Moshi bila friji

Mkuu, umeuliza kama hilo kopo la kimea cha kutengenezea bia nyumbani litakupa lager (bia inayochachuka kwenye baridi) nyepesi ya Kimeksiko hapo Moshi bila friji. Inawezekana, ila soma kwanza pakiti ya hamira. Hamira ya lager yenyewe inataka nyuzi joto 10 hadi 15 za Selsiasi, na Moshi mjini mchana huzipati hata Julai. Kama ni ya ale (bia inayochachuka kwenye joto zaidi), nyuzi 18 hadi 20 zinatosha: simamisha ndoo yenye bia inayochachuka kwenye beseni la maji, ivishe fulana iliyolowa, pindo liguse maji, na humo majini weka chupa za barafu, uzibadilishe asubuhi na jioni. Fulana usiidharau, maji yakikauka juu yake ndiyo yanayopoza. Na hii si mbege (pombe ya ndizi) ya kunywa kesho! Usijaze chupa mpaka haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki) isome vilevile siku mbili tatu mfululizo, la sivyo zitalipuka.