Mbegu ya saga haiharakishwi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukibakiwa na kitalu kimoja tu cha mboga nyumbani, utapanda nini? Mimi nitapanda saga, ile mboga chungu ya majani ambayo wengine huiita mgagani, wala sina haja ya kufikiri.

Hapa Luanda, Vihiga, magharibi mwa Kenya, mashamba yamegawanywa hadi mtu anabaki na kipande cha kuzunguka nyumba. Changu kiko nyuma ya jiko. Kina sukuma wiki, kunde, na mrenda kando ya ua. Sukuma naweza kuikosa wiki nzima nisiumie. Saga, la. Wajaluo huiita dek, Wakisii chinsaga, na kote huku mama akijifungua ndiyo mboga anayopikiwa. Wanaoikataa kwa uchungu wake hawajaila iliyolala usiku mmoja kwenye maziwa.

Miaka minne iliyopita nusura niiache. Nilivuna mbegu Jumamosi, Jumatatu nikapanda, mvua ikanyesha vizuri, yakaota magugu matupu. Nikarudia, kazi bure. Mama mkwe ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, hizo mbegu ulizilaza?" Sikumwelewa. Kumbe mbegu ya saga ikitoka kwenye ganda huwa imelala, na ukiipanda hivyo haiamki. Huwekwa pakavu miezi mitano, sita, ndipo iote. Zake alizichanganya na jivu, akazifunga kwenye kitambaa na kukining'iniza juu ya meko. Akanipimia kijiko kimoja cha chai. Nilizifukia juujuu tu, na wiki ya pili haijaisha kitalu kilikuwa kijani.

Tangu hapo kila msimu nachagua miche mitatu yenye majani mapana, naifunga utepe mwekundu, na watoto wanajua haichumwi. Mingine nakata maua yanapochomoza tu, ili majani yazidi kuja. Ile mitatu naiacha ichanue na kutoa maganda yake marefu membamba. Ganda likigeuka manjano nalikata asubuhi, umande haujakauka. Ukingoja jua la saa sita linapasuka mkononi, mbegu zinamwagika chini, na ni ndogo mno kuokota. Naanika kwenye ungo kivulini, kisha jivu, kisha kitambaa.

Machi mwaka huu, kabla ya masika, panya walitoboa kitambaa cha mama mkwe. Alikuja kwangu na kikombe. Nilimjazia.

Mama wa watatu, Luanda