Kioo cha taa nyeupe: mchanga wa Paje hautakufaa

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Nimekufahamu: mradi wa mwaka wa mwisho, kioo cha kutoa mwanga mweupe kwa bei nafuu, mchanga wa ufuo wa Paje, Zanzibar, na tanuri la chuo linaloishia nyuzi 1,100 za Selsiasi.

Mchanga ule uache. Weupe wake ni wa matumbawe na makombe, yaani kalsiamu kaboneti, si silika, madini ya mchanga yanayotengenezewa kioo cha kawaida. Na hata silika tupu huyeyuka juu ya nyuzi 1,700.

Tumia asidi ya boriki na lithiamu kaboneti, kisha tia oksaidi ya disprosiamu (metali adimu inayong'aa ikipigwa mwanga), kama asilimia 0.5 ya moli, yaani kwa hesabu ya chembe, si kwa uzito. Disprosiamu ikipigwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 387 hivi (urujuanimno) hutoa buluu (480) na manjano (575), na jicho huziona pamoja kuwa nyeupe. Usiizidishe, ioni zake (chembe zenye chaji) zikikaribiana mno mwanga hufifia. Pasha polepole mwanzoni, maana mvuke na kaboni dayoksaidi vikitoka kwa pupa mchanganyiko huumuka ukamwagika. Ukishayeyuka, mimina kwenye bamba la chuma lililopashwa moto, halafu kioo kirudishe tanurini, karibu nyuzi 400, kipoe taratibu; bila hivyo kitapasuka. Kihifadhi pakavu sana, hewa yetu ya pwani unaijua.

Oksaidi ya risasi utaiona imesifiwa katika makala nyingi. Mimi siishauri kabisa, ni sumu. Asidi ya boriki nayo huweza kudhuru uzazi: barakoa na glavu. Miwani ya kuzuia miale ya urujuanimno pia, na usimimine peke yako bila fundi wa maabara.